Ukurasa wa Jamaa: Twende mjini pamoja, turudi pamoja

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wanafikiri halina nafasi katika gazeti la kanisa. Ni kwenda kutembea mjini na jamaa na rafiki: kuangalia mpira, kusikiliza waimbaji, kuona mambo ya inchi yetu, kufurahi tu.

Mama mmoja wa hapa Kasaji ndiye aliyetusukuma. Alituuliza hivi, nyuma ya kikao cha wamama: "Pasta, bwana yangu kila mwaka anaenda ku Lubumbashi kuangalia mupira na barafiki yake. Shiye na batoto tunabakia. Anarudia, feza yote imeisha. Kama ninamuuliza, anasema bibi hajue mambo ya mupira. Sasa mie niseme nini? Mupira ni zambi?"

Hapana, mama, mpira si zambi. Lakini katika swali lako kuna maneno mawili ambayo hatutaki kuyapita: "Tunabakia", na tena "feza yote imeisha". Juu ya hayo mawili ndipo tutaongea.

MJI TUNAUJUA KWA MACHOZI

Kutoka Kasaji mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua gari linaweza kulala njiani. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, Kolwezi ndio mji mkuu wa jimbo letu la Lualaba. Kwa hiyo mambo mengi ya karatasi yanaishia kule.

Sasa uliza mtoto wa kwetu aliyefika Kolwezi: uliona nini? Atakuambia: lopitalo. Uliza mama yake. Atakuambia: biro, soko, na kilio cha shemeki. Baba peke yake ndiye anajua ile Kolwezi ingine, ya stade Manika, ya miziki, ya kukaa na rafiki na kucheka. Katika nyumba moja kuna miji miwili, mji wa shida kwa mama na watoto, na mji wa furaha kwa baba.

Hiyo inaleta hasara mbili. Ya kwanza, mama anaumia moyoni, hata kama hasemi. Ya pili inakuja polepole. Kijana aliyeujua mji kwa shida tu, siku moja atapata feza yake ya kwanza, pengine kwenye machimbo. Atautafuta ule mji wa furaha peke yake, na wa kumwongoza watakuwa watu wa nganda. Hakuna mkubwa aliyemwonyesha namna ya kufurahi na kisha kurudi nyumbani na akili yake na feza ya nauli. Hiyo namna inafundishwa kwa kwenda pamoja.

MUNGU ALIJUA SAFARI ZA FURAHA

Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, kutoka mstari wa 22. Waisraeli waliokaa mbali waliruhusiwa kugeuza sehemu yao ya kumi kuwa feza, kuifunga mkononi, kwenda nayo mahali pa sikukuu, na kununua kule chakula ambacho roho yao inatamani. Kisha mtu ale na kufurahi mbele ya Mungu, yeye na nyumba yake. (Vijana, najua mtaona katika mstari wa 26 kwamba kileo pia kinatajwa. Tutaongea juu ya hilo mwezi mwingine, msinipigie simu.) Sura ya 16 inaongeza majina ya wale wa kufurahi pamoja: mwana, binti, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Angalieni vizuri. Feza iliwekwa mbele ya safari, na hakuna mtu wa nyumba aliyeachwa. Tena njiani waliimba. Zaburi 120 mpaka 134, zote kumi na tano, zinaitwa nyimbo za kupanda, na wengi wanafundisha kwamba ziliimbwa na wasafiri waliopanda Yerusalema. Basi, baba anayeweka feza mwaka mzima ili jamaa yake ifurahi siku tatu hapotezi kitu.

MAMBO YA KUONA

Wengine watasema: mjini tutaona nini bila kunywa pombe? Kuna mambo mingi.

Kolwezi, nendeni na kambo. Mzee aliyekuwa kule mwezi wa tano 1978, wakati wa vita, awaonyeshe watoto alikimbilia wapi na nani alimpa maji. Hilo darasa mtoto halipati shuleni. Kisha waonyesheni ziwa la Nzilo. Union Minière ilijenga pale kizuizi juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950 ili kupata umeme wa kazi ya shaba. Mwambieni mtoto kwamba yale maji anayoyaona yatafika Kisangani, kule yanaanza kuitwa Congo, yatapita Kinshasa na Matadi, na yataingia katika bahari. Muangalie kutoka ukingo, mnunue samaki, lakini msiache watoto kuoga. Na kwenye mashimo ya wachimbaji msiende nao hata kidogo. Udongo unaanguka bila kuaga.

Kama mwaka umekuwa mzuri, fikeni Lubumbashi. Ni karibu kilomita 300 kutoka Kolwezi. Mji ulianza mwaka 1910, na reli ilifika mwaka ule ule. Kuna myuzeo inayohifadhi misalaba ya shaba, ile iliyokuwa feza ya wazee wetu mbele ya Wazungu kuja. Mtoto wa inchi ya shaba ajue kwamba wazee wake waliyeyusha shaba mbele ya Union Minière kuzaliwa mwaka 1906. Kuna pia bustani ya wanyama. Ndani yake, tangu 2006, kuna mahali panapoitwa J.A.C.K. panapotunza watoto wa sokwe walionyanganywa wafanya-biashara wa nyama ya pori. Mtoto akimwona sokwe anayeshika chuma kwa vidole sawa na vyake, ataelewa mahubiri juu ya uumbaji kuliko tunavyoweza kuyasema.

Na mpira? Tusikatae. Mazembe ilianza mwaka 1939 ikiitwa Saint-Georges. Mapadri Wabenedikto waliianzisha kwa ajili ya vijana wao wa skauti. Mwaka ule ule wafanyakazi wa reli walianzisha Saint-Éloi Lupopo. Hizi timu mbili zinazogombanisha nyumba zetu zilitoka kanisani na kazini. Mazembe imekuwa bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa 12 mwaka 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya vilabu vya dunia. Inter ya Milan iliipiga 3-0, lakini hata waliopoteza sauti kwa kulia walicheka wakimkumbuka golikipa Kidiaba akiruka-ruka kwa matako uwanjani. Baba, ile hadisi mtoto wako aliisikia kwako, au kwa jirani?

HESABU TATU MBELE YA KUTOKA

Tunawaomba wazazi wafanye hesabu tatu. Bila hizo, bakieni nyumbani.

1. Hesabu ya feza. Kama mnataka kwenda mwezi wa saba, wakati wa vakansi na kiangazi, anzeni Bonane. Wekeni sanduku dogo ambalo watoto wanaliona, na kila mtu atie kidogo, hata mtoto aliyeuza maembe. Jamaa tatu au nne za rafiki zinaweza kufanya likelemba ya safari na kukodi gari moja. Feza ya masomo isiguswe. Deni kwa wale wakopeshaji tunaowaita Banki Lamberi msichukue kamwe. Furaha ya siku tatu isilipwe kwa machozi ya mwaka.

Siku ya kutoka, gawanyeni feza katika mafungu manne: ya kwenda, ya kurudi, ya chakula na kuingia, na ya ugonjwa. Fungu la kurudi lifungwe katika kitambaa, mama alishike, na lisifunguliwe mpaka mnapanda gari la kurudi. Tumeona wanaume wengi hodari wakiomba nauli kwa ndugu siku ya pili. Hatujaona mama mmoja aliyefungua kile kitambaa bila sababu.

Tena muwafikirie wenyeji wenu. Yaya au mudogo wako wa Kolwezi anakaa nyumba ya kupanga, vyumba viwili, watoto watano. Mpigie simu mapema, mwambie mko watu wangapi na mtalala mara ngapi. Bebeni unga wa bukari, maharagi, mihogo, hata makala kama gari linaruhusu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mgeni asikae akingoja bukari. Aingie jikoni, asonge.

2. Hesabu ya watu. Luka sura ya 2 inatueleza kwamba Yosefu na Maria walienda Yerusalema kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, katika kundi la ndugu na rafiki. Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kurudi, walitembea siku nzima wakifikiri yuko katika kundi. Walimtafuta na kumkuta nyuma ya siku tatu. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Katika kundi kubwa kila mtu anafikiri mtoto yuko na mwingine. Ndivyo watoto wanapotea sokoni na ku stade mpaka leo.

Basi, kila mkubwa apewe watoto wake kwa majina: "Wewe uko na hawa wawili." Mtoto mdogo awe na karatasi mfukoni, jina la baba na namba ya simu. Mkifika mahali popote, onyesheni kwanza pa kukutania kama mtu anapotea: mti, mlango wa kanisa, kibanda cha polisi. Hesabuni watu mara tatu: mkipanda gari, mkiingia, mkitoka. Na katika hesabu yenu ongezeni mmoja asiye wa nyumba, mtoto wa mjane au yatima wa jirani, kama Torati ilivyosema. Kiti kimoja hakitawaua, na yeye atakikumbuka mpaka uzee.

3. Hesabu ya saa na ya milango. Hapa naomba vijana wasikilize, sababu tunaongea juu ya kufa. Tarehe 11 mwezi wa tano 2014, Kinshasa, katika mechi ya Vita na Mazembe ku stade Tata Raphaël, fujo ilitokea na watu 15 walikufa katika msongamano. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, ku stade des Martyrs, watu 11 walikufa katika konseri ya Fally Ipupa. Stade ilijazwa kupita kipimo. Wakristo wengine walisema: ile ni miziki ya dunia. Lakini tarehe 27 mwezi wa saba 2024, ku stade ile ile, katika konseri ya mwimbaji wa Injili Mike Kalambay, watu wasiopungua saba walikufa. Msongamano haujui wimbo gani unaimbwa. Ukuta wa watu ukisukuma, mtu anakosa pumzi akisimama.

Kwa hiyo fikeni mapema. Mkiingia, tafuteni milango miwili ya kutoka. Kaeni pembeni, hapana katikati mbele ya jukwaa. Mkiona mlangoni watu wanasukumana na polisi wameshindwa, rudini, hata kama tiketi imelipwa. Mechi ikiisha, bakieni mmekaa mpaka watu wapungue, au tokeni dakika kumi mbele ya mwisho. Baba atalalamika kwamba alikosa goli la mwisho. Alalamike, akiwa na watoto wote mkononi.

Ni vile vile njiani. Treni ya wasafiri ikikawia, vijana wetu wanapanda mabehewa ya mizigo. Mwezi wa tatu 2022, Buyofwe, katika jimbo letu, treni ya mizigo ilianguka na zaidi ya watu 60 walikufa. Walikuwa wamepanda bila ruhusa. Walikuwa watu wa kawaida waliotaka kufika. Kama gari ya kuaminika haiko, safari haiko. Mwaka ujao upo.

KWA VIJANA

Mnatuuliza kama mnaweza kwenda bila wazazi. Mnaweza, kundi la rafiki wa kanisa au wa masomo, kama mambo manne yanafuatwa. Semeni kweli mnaenda wapi na mtarudi saa ngapi. Binti asirudi peke yake usiku, hata kama ni yeye aliyetaka kuondoka. Mlienda pamoja, rudini pamoja. Anayealika kila mtu kunywa kwa feza yake, muulizeni anataka nini. Na hii michezo ya kuweka feza juu ya matokeo ya mpira, iacheni. Kijana aliyebashiri haoni tena mpira, anaona feza yake tu. Akishindwa anatafuta ya kulipizia, na mwisho anauza simu ya yaya yake.

KAMA FEZA HAKUNA KABISA

Wasomaji wengine wamefika hapa na kusema: Pasta anaongea na wenye mishahara. Hapana. Kutembea pamoja hakuanzi Lubumbashi. Siku ya yenga, nyuma ya ibada, shikeni watoto muende pale ku gare yetu ya Kasaji. Waambieni kwamba reli hii ya kutoka Tenke kupita Dilolo mpaka bahari ya Lobito ilimalizika mwaka 1931. Kwamba vita ya Angola iliikata tangu 1975. Na kwamba mwaka 2018 mizigo ya madini ilianza tena kupita kwenda Lobito. Mzee aliyefanya kazi ya reli aitwe aeleze. Bebeni munkoyo na mihogo ya kuchoma, alikeni jamaa moja ya jirani. Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake saa mbili, baba hana haraka, hakosi kitu.

JIBU KWA MAMA, NA KWA BABA

Mama, usigombane na mpira. Wakati mzuri, chakula kimekwisha, mwambie bwana yako: "Baba, batoto banataka kukuona ukifurahi. Mwaka huu tupeleke na shiye." Mwonyeshe sanduku dogo, na feza ya kwanza ikiwa ndani tayari.

Na wewe baba, tunakuheshimu. Kazi ni ngumu na rafiki ni wa lazima. Lakini fanya hesabu ya feza unayomaliza kila mwaka kule Lubumbashi, nauli na kulala na kunywesha watu. Pengine inatosha kuleta jamaa nzima Kolwezi siku mbili, na mechi moja ku stade Manika ndani yake. Rafiki zako nao walete bibi zao na watoto. Mwanzoni mtaona haya kidogo. Kisha mtashangaa kuona mama ndiye anayepiga makelele kuliko wote goli likiingia.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

– Kila mmoja aseme: siku gani tulifurahi sote pamoja, na tulikuwa wapi?
– Katika nyumba yetu, nani anabakia kila mara? Sababu gani?
– Tukianza sanduku leo, kila mmoja anaweza kutia nini kwa mwezi?
– Nani wa jirani tutamhesabu katika safari yetu?

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda. Mkisafiri, hesabuni watu.